Je, draiva ijipangie pini zake, au izikute zimeshapangwa?

#1 Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimeandika draiva (programu ya kuendesha vifaa) kama moduli ya kerneli, yaani moyo wa mfumo wa Linux, kwa ajili ya kitalu nyumba cha baba yangu mdogo huko Lushoto. Moduli hiyo husoma vihisi vinne vya unyevu wa udongo kupitia chipu ya MCP3008, inayogeuza volti kuwa namba, iliyoko kwenye SPI (njia ya waya za kupeleka data), kisha hufungua valvu ya maji ya volti 12 kwa transista ya MOSFET ambayo geti lake nimeliunganisha na GPIO5, pini ya matumizi huru ya Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya bodi moja). Ndani ya draiva nilijifanyia kila kitu. Nilichukua anwani 0x3F200000, nikaifungua kwa ioremap (njia ya kerneli ya kuzifikia rejista za maunzi), nikaandika moja kwa moja kwenye rejista za GPFSEL, zinazochagua kazi ya kila pini, ili GPIO8 hadi GPIO11 ziwe za SPI na GPIO5 iwe pini ya kutoa.

Kwa miezi mitano mambo yalikwenda vizuri. Mwezi uliopita tuliweka Pi 4 mahali pa ile ya zamani, na draiva ile ile ikawa bubu: moduli inapakiwa, hakuna kosa linaloandikwa kwenye kumbukumbu za mfumo, na hakuna pini hata moja inayobadilika. Rafiki yangu aliyeko Nairobi aliusoma msimbo wangu akasema kwamba draiva haina haki ya kugusa mpangilio wa pini. Sikukubaliana naye, kwa sababu draiva ndiyo inayokijua kifaa chake. Kama si yenyewe, nani mwingine anastahili kuamua kwamba pini fulani ni ya SPI na nyingine ni ya valvu?

Jambo la pili ni kwamba kila bodi inapowaka, valvu hufunguka yenyewe kwa muda wa sekunde kama ishirini mpaka moduli yangu ipakiwe. Sola ikiyumba usiku, bodi inajiwasha upya na tuta la kwanza linakunywa maji ambayo hakuna aliyeyaagiza. Je, hilo nalo ni la draiva?

#2 Mzee_Rejista

Karibu, mwanangu. Rafiki yako yuko sahihi, ingawa angekueleza sababu badala ya kukukemea.

Tuanze na Pi 4. Rejista za GPIO kwenye Pi ya kwanza zilikuwa 0x20200000, kwenye Pi 2 na Pi 3 zikahamia 0x3F200000, na kwenye Pi 4 ziko 0xFE200000. Kwa hiyo draiva yako inaandika mahali ambapo pini hazipo tena; kwenye bodi hiyo mpya anwani ile imeangukia ndani ya RAM. Shukuru kwamba ilikuwa bubu, kwani ingeweza kuharibu data ya mwenyewe mwingine bila kusema neno. Draiva ambayo ingepewa pini na mfumo isingejua habari ya kuhama huku, wala isingehitaji kuijua.

Kuna hatari nyingine ambayo kwa miezi mitano ulikuwa unaikwepa kwa bahati. Kwenye chipu hizi kila pini ina biti 3 za kuchagua kazi, na pini 10 hukaa katika rejista moja. GPIO5 yako iko GPFSEL0, pamoja na GPIO2 na GPIO3 ambazo ni za I2C (njia nyingine ya data, ya waya mbili). Ili ubadilishe biti zako tatu ni lazima usome rejista nzima, ubadilishe, kisha uirudishe. Ikiwa wakati huo huo kiini kingine cha prosesa kinafanya hivyo hivyo kwa pini ya jirani, mmoja wenu atafuta kazi ya mwenzake. Kufuli la kuzuia hilo haliwezi kukaa ndani ya draiva yako, kwa sababu draiva ya I2C haijui kwamba wewe upo duniani.

#3 Bi_Saketi

Mimi nitajibu lile la valvu, kwa kuwa naona wanaume wa programu wataligeuza kuwa suala la programu.

GPIO0 hadi GPIO8 za chipu hiyo, mara umeme unapoingia, huwa zimevutwa juu na rezista dhaifu ya ndani, na GPIO9 hadi GPIO27 huwa zimevutwa chini. Rezista hiyo ni ya takriban kilo-omu 50. Geti la MOSFET halili mkondo wowote wa maana, kwa hiyo kilo-omu 50 zinatosha kabisa kulipandisha hadi karibu volti 3.3, na transista inafunguka kabla hata kerneli haijaanza kusomwa kutoka kwenye kadi.

Naomba upime volti ya geti wakati bodi inawaka, na uangalie kama kipande chako cha MOSFET kina rezista ya kilo-omu 10 kati ya geti na hasi. Kama ingekuwepo, hesabu ni rahisi: 3.3 mara 10 gawanya kwa 60, unapata volti 0.55, na valvu isingefunguka. Kwa maneno mengine, hakuna draiva duniani inayoweza kutibu sekunde ambazo yenyewe bado haijazaliwa.

#4 MtotoWaKerneli

Kuongezea kwenye #2: Linux ina mfumo maalumu wa kusimamia pini, unaoitwa pinctrl, ambao uliingia kwenye toleo la 3.9 mwaka 2013. Mpangilio wa pini huandikwa kwenye mti wa vifaa, yaani lile faili la .dts linaloieleza kerneli bodi ina nini na kila kitu kimeunganishwa wapi. Kwenye nodi ya kifaa chako (fungu lake ndani ya mti huo) unaandika pinctrl-names = "default" na pinctrl-0 inayoelekeza kwenye kundi la pini. Draiva ikishamaliza kuanza, kerneli inaziweka pini katika hali hiyo. Wewe huandiki hata mstari mmoja.

#5 Nahodha_wa_Mkondo

Mkuu MtotoWaKerneli, umetuchanganyia mambo mawili, na yote mawili yana uzito kwenye swali la mleta uzi.

Pinctrl, kazi iliyoongozwa na Linus Walleij, iliingia katika toleo la 3.2 lililotoka Januari 2012. Wakati huo kila draiva ilitakiwa iombe pini zake yenyewe kwa mistari michache iliyofanana, na mistari hiyo ikawa inanakiliwa kutoka draiva moja hadi nyingine kama barua ya maombi ya kazi. Kilichokuja na 3.9 ni uamuzi wa kuiondoa kazi hiyo mikononi mwa draiva na kuihamishia kwenye kiini cha mfumo wa vifaa. Na hali ya "default" haiwekwi baada ya draiva kuanza. Huwekwa kabla ya probe (kazi ya draiva ya kukianzisha kifaa) kuitwa, ili draiva itakapogusa kifaa kwa mara ya kwanza ikute waya zimeshafika.

Kabla ya hapo kila ukoo wa chipu za ARM ulikuwa na njia yake ya kupanga pini ndani ya mafaili ya bodi: OMAP kivyake, i.MX kivyake, wengine kivyao. Aliyeandika draiva ya chipu moja hakuweza kuipeleka kwenye nyingine bila kuibomoa. Kwa hiyo anachokifanya Kibatari leo kimeshawahi kuwa ndiyo desturi ya nchi nzima, na kiliachwa kwa sababu kilichosha watu.

#6 Fundi_Ngambo

Wakuu, nawasoma nyote, na nadhani mnaruka mlango ulio wazi. Pini ni mali ya butiloda, ile programu inayoipakia kerneli. U-Boot, mojawapo ya butiloda, inaamka mapema mno kuliko kerneli, inaijua bodi, na inaweza kuziweka pini zote kwa mpigo. Nimeunda vifaa vya kupimia maji kwa miaka sita kwa njia hiyo: kila pini hupangwa mara moja, kerneli inakuja inakuta nyumba imefagiliwa, na draiva zinafanya kazi zao bila kuzozana. Hata Pi ina kitu cha namna hiyo. Kibatari aandike gpio=5=op,dl kwenye config.txt, na programu ya ndani ya bodi itaiweka GPIO5 iwe ya kutoa na iwe chini kabla kerneli haijaguswa. Sekunde ishirini zake zitabaki chache mno.

#7 Mzee_Rejista

Fundi, njia yako inafaa kwa kifaa ambacho hakitabadilika mpaka kitupwe. Nakubali pia kwamba pini za RAM na za mlango wa serial wa kuonyesha ujumbe lazima zipangwe na butiloda, kwani bila hizo kerneli yenyewe haiwezi kupakiwa wala kusema lolote.

Lakini fikiria kifaa kinacholala ili kuokoa betri. Kinapolala, pini za UART (mlango wa serial) huenda zikatakiwa ziwe za kupokea tu zikiwa zimevutwa chini, na kinapoamka zirudi kuwa UART. Butiloda wakati huo imeshaondoka zamani na haitaitwa tena. Ndiyo maana kwenye mti wa vifaa kuna "default", kuna "idle" na kuna "sleep". Tena butiloda iliyofungwa kwenye kifaa kilichoko juu ya mnara hubadilishwa kwa hofu kubwa, kwa sababu ukiikosea unapanda mnara. Kerneli na mti wake unaweza kuvisasisha ukiwa umekaa.

#8 Chaza_wa_Kilwa

Naomba nieleze kisa changu, kwa kuwa kimenifundisha kwamba hata hiyo njia safi ya mti wa vifaa inaweza kukulaza macho.

Nilikuwa natengeneza kifaa cha kufuatilia mashua za wavuvi kwa kutumia bodi ya BeagleBone Black, na kipokezi cha GPS kikiwa kwenye UART1, yaani P9.24 na P9.26. Mti wa vifaa tulipewa na kampuni iliyotuuzia bodi ya nyongeza. GPS ilikuwa inatuma kila sekunde, osiloskopu ilionyesha mawimbi safi kabisa kwenye P9.26, lakini kerneli haikupokea hata herufi moja. Nikaamini kwamba draiva ya serial ina kasoro, nikapoteza siku mbili nikiichambua.

Nikatazama faili la pinmux-pins lililo ndani ya debugfs (mafaili ya kerneli ya kuchunguzia hitilafu), nikaona pini 96 imeshikwa na 48022000.serial kama inavyotakiwa. Nikajiona sina pa kwenda. Ndipo nikafungua faili la pili, linaloitwa pins, ambalo huonyesha thamani halisi ya rejista, nikakuta 44e10980 ina 0x10. Kwenye AM335x, chipu ya bodi hiyo, biti 0 hadi 2 ndizo zinazochagua kazi, biti ya 4 huchagua kuvuta juu, na biti ya 5 ndiyo inayofungua njia ya kupokea. Aliyeandika mti ule aliweka 0x10 badala ya 0x30. Pini ilikuwa imechaguliwa sawasawa kuwa UART, imevutwa juu sawasawa, ila masikio yake yalikuwa yamezibwa.

Nikajaribu kuirekebisha papo hapo kupitia /dev/mem (faili la kugusa kumbukumbu na rejista moja kwa moja). Kusoma kulikubali, kuandika kukapotea kimya kimya, kwa sababu rejista hizo hukubali kuandikwa na kerneli tu na si programu ya kawaida. Nilirekebisha mti, nikauunda upya, na GPS ikaanza kuzungumza.

Sasa swali langu kwa mabingwa: kama draiva ya serial ndiyo ingepanga pini, si ingejua kwamba RX bila njia ya kupokea ni upuuzi?

#9 Bi_Saketi

Siku mbili kwa biti moja. Mimi niliwahi kutumia wiki nzima nikitafuta hitilafu, kumbe waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Pole sana, ila kwa mateso bado nimekuzidi.

#10 Nahodha_wa_Mkondo

Chaza, swali lako ni zuri, lakini jibu lake linakukatisha tamaa. Draiva ya serial inayotumika kwenye AM335x inatoka kwenye ukoo wa 8250, ambao unahudumia pia kompyuta za kawaida na chipu nyingine nyingi. Haiwezi kujua kwamba kwenye chipu yako RX inahitaji biti ya 5. Draiva inayoijua chipu ni ile ya pini, na kwako wewe hiyo ni pinctrl-single, kazi ya Tony Lindgren, ambayo kwa makusudi kabisa haijui maana ya biti yoyote: inachukua namba kutoka kwenye mti na kuziandika kama zilivyo. Hapo ndipo ninapoona kosa la kisa chako. Namba ghafi ndani ya mti ni rahisi kuandika na ngumu kukagua. Mti unaotumia majina kama PIN_INPUT_PULLUP ungekuonyesha kosa kwa jicho.

#11 Bi_Itifaki

Nimesubiri mtu aseme kwamba kanuni ya «draiva isiguse pini» ina mipaka, sijamwona, basi nitasema mimi.

Mfano wa kwanza ni kadi za kumbukumbu kwenye chipu za i.MX. Kadi ya SD huanza polepole, kisha hukubaliana na kidhibiti chake kwenda kasi zaidi. Nguvu ya msukumo inayofaa kwenye mwendo wa kawaida haifai unapofika megahezi 100 au 200. Kwa hiyo nodi ya kifaa ina hali ya "default", ya "state_100mhz" na ya "state_200mhz", na anayejua kwamba sasa tumefika 200 ni draiva ya kidhibiti cha SD peke yake. Kiini cha mfumo hakiwezi kujua, na butiloda ya Fundi ndiyo kabisa.

Mfano wa pili ni I2C. Kifaa kikikatiwa mawasiliano katikati ya baiti, kinaweza kubaki kimeishikilia waya ya data chini, na basi lote likakwama. Tiba yake ni kuipigia waya ya saa mapigo hadi 9 mpaka kifaa kiachie. Kidhibiti cha I2C mara nyingi hakiwezi kutoa mapigo ya namna hiyo, kwa hiyo draiva huziondoa pini kwenye I2C, ikazifanya GPIO, ikapiga mapigo kwa mkono, kisha ikazirudisha. Huko ni kugusa pini, tena katikati ya kazi. Anayeikataza draiva asifanye hivyo aje anizimie bodi na kuiwasha kila kihisi kinapogoma.

#12 MtotoWaKerneli

Nashukuru kwa masahihisho ya #5, nilikosea.

Bi Itifaki, mifano yako ni ya kweli, ila naona inathibitisha kinyume. Draiva ya SD haisemi «weka biti hii katika rejista ile», bali inasema «nipe hali ya state_200mhz», na maana ya hali hiyo imeandikwa kwenye mti na hutekelezwa na draiva ya pini. Kuchagua hali ni jambo moja, kupanga pini ni jambo jingine. Abiria anaruhusiwa kusema «shusha», lakini haruhusiwi kukanyaga breki.

#13 Bi_Itifaki

Mdogo wangu, hapo kwenye I2C abiria ameshika usukani kabisa, maana zikishakuwa GPIO ni draiva ya I2C inayoamua waya iwe juu au chini na kwa muda gani. Mstari unaouchora ni mzuri kwenye karatasi.

#14 Kibatari (mleta uzi)

Asanteni. Nimetoa majibu ya vipimo kama alivyoagiza Bi Saketi. Nilitumia bodi nyingine ya aina ile ile hapa Dar, nikaweka multimita kati ya geti na hasi kisha nikawasha. Ilisimama kwenye volti 3.2 na kitu tangu umeme ulipoingia hadi moduli ilipopakiwa, kisha ikashuka hadi sifuri. Kwenye kipande changu cha MOSFET kuna mahali palipochapwa alama ya rezista, lakini rezista yenyewe haipo. Nilikinunua hivyo hivyo.

Nimejaribu pia ile ya #6 ya config.txt. Valvu sasa inafunguka kwa muda mfupi tu, kama kukohoa, lakini bado inafunguka.

#15 Kozi_wa_Pwani

Kuna jambo kwenye #5 ambalo limeachwa nusu. Kuweka "default" kabla ya probe kunafaa mara nyingi, ila si kila mara. Chukulia pini ya PWM (mapigo yanayobadilishwa upana) inayodhibiti volti ya kulisha prosesa: juu maana yake volti kubwa, chini maana yake volti ndogo. Butiloda imeiacha pini ikiwa juu na mambo ni salama. Sasa kerneli inaikabidhi pini hiyo kwa PWM kabla draiva ya PWM haijaanza, kidhibiti bado hakijapangwa, pini inaanguka chini, na prosesa inajikuta inakimbia kwa volti isiyomtosha katikati ya kuwaka.

Kwa sababu hiyo iliongezwa hali inayoitwa "init". Nodi ikiwa nayo, kiini huweka "init" kwanza, kinaita probe, na probe ikifaulu huku pini zikiwa bado kwenye "init" ndipo kinahamia "default". Ukiitazama vizuri, huku ni kukiri kwamba mpangaji wa nje hajui wakati mwafaka, na draiva ndiyo inayoujua. Kwa hiyo Kibatari hakukosea moja kwa moja. Alikosea njia, si hisia.

#16 Pepo_ya_Kusi

Mimi natumia FreeBSD, mfumo endeshi mwingine, kwenye bodi ndogo, na kule wana jibu tofauti. Draiva ya pini yenyewe inapoanza, hupita mti mzima wa vifaa na kuweka hali ya kwanza ya kila nodi iliyowashwa, bila kungoja draiva ya kifaa husika ije. Uzuri wake ni kwamba hata kifaa ambacho hakina draiva kabisa kinapata pini zake katika hali salama. Kwenye Linux pini ambayo haikuombwa na yeyote hubaki jinsi butiloda ilivyoiacha, na kama butiloda haikuigusa, inabaki jinsi chipu ilivyozaliwa. Valvu ya Lushoto ingefurahia zaidi njia ya FreeBSD.

#17 Mzee_Rejista

Ingeifurahia kwa sekunde chache tu, kwa sababu na FreeBSD nayo lazima iwake kwanza. Turudi kwa Bi Saketi pale #3.

Faida ninayoiona kwenye njia ya Linux ni daftari. Kila pini ina mwenyewe aliyeandikwa, na nodi ya pili ikija kuidai inakataliwa na jina la aliyetangulia linatajwa kwenye ujumbe wa kosa. Na kama draiva ya pini yenyewe haijafika, kifaa huambiwa kisubiri kijaribiwe tena baadaye, utaratibu uliokuja na toleo la 3.4. Najua usubirishaji huo umewakera wengi ambao kifaa chao husubiri mpaka mwisho wa dunia kwa sababu ya jina moja lililokosewa kwenye mti, lakini afadhali kifaa kisichoanza kuliko viwili vinavyosukumana umeme kwenye waya mmoja.

#18 Dada_Zefa

Nimecheka kwa sababu nimetoka Linux nikaenda Zephyr, mfumo endeshi wa chipu ndogo, na huko mambo yamegeuka. Makundi ya pini yako kwenye mti wa vifaa vile vile, majina "default" na "sleep" yapo, lakini anayeita pinctrl_apply_state ni draiva yenyewe, ndani ya kazi yake ya kuanza. Hakuna kiini kinachoifanyia. Kwa mfumo unaokaa kwenye chipu yenye kilobaiti chache za kumbukumbu, mstari mmoja ndani ya draiva ni nafuu kuliko mtumishi wa kati. Watu wale wale, mti ule ule, hitimisho tofauti.

#19 Mbarika

Wakuu, samahani kwa kuuliza kama mgeni. Mimi naandika programu kwenye kompyuta za mezani na sijawahi kusikia habari ya pini. Huko nani anazipanga?

#20 Nahodha_wa_Mkondo

Mbarika, pini zipo, ila BIOS imezipanga kabla hujaamka, na baadhi yake huzifunga ili mfumo endeshi usizibadilishe. Ni ndoto ya Fundi iliyotimia. Hata hivyo Linux ina draiva za pini za chipu za Intel kama Bay Trail, na toleo la 6.2 la ACPI (kanuni ambazo kwazo BIOS huueleza mfumo endeshi vifaa vilivyopo), la mwaka 2017, liliongeza njia ya kueleza kazi na mpangilio wa pini. Kwa hiyo hata upande ule ukuta una ufa.

#21 Kibatari (mleta uzi)

Nimeandika upya. Nimefuta ioremap na mistari yote ya GPFSEL, nimetengeneza kipande cha nyongeza cha mti wa vifaa, SPI nimeiachia draiva yake, na valvu naiomba kwa gpiod, njia ya kerneli ya kuomba pini. Moduli imepungua karibu nusu, na inafanya kazi kwenye Pi 3 na Pi 4 bila kubadilisha herufi.

Lakini nimekutana na jipya hapa mezani. Nikiiondoa moduli kwa rmmod valvu ikiwa imefungwa, inafunguka palepale. Ile ya zamani haikuwa na tabia hiyo.

#22 Kozi_wa_Pwani

Hiyo inanishangaza. Nijuavyo mimi, pini ikiachiwa kinachofutwa ni jina kwenye daftari tu, rejista haiguswi.

#23 Mzee_Rejista

Ni hivyo kwenye AM335x ya Chaza, Kozi, lakini si kwenye chipu ya Kibatari. Kwa miaka mingi draiva ya pini ya BCM2835 (ukoo wa chipu za Pi) imekuwa ikiirudisha pini iliyoachiwa kuwa ya kupokea, kwa hoja kwamba pini isiyo na mwenyewe isisukume umeme. Matoleo ya karibuni yameongeza kigezo cha kuzuia hilo. Pini ya Kibatari ikishakuwa ya kupokea, rezista ya ndani inaivuta juu, na tunarudi pale pale kwenye posti ya Bi Saketi.

#24 Fundi_Ngambo

Kwa hiyo mfumo safi, wenye daftari na kufuli, umefungua valvu ambayo msimbo mchafu uliiacha imefungwa. Ngoja nikanunue kahawa.

#25 Kibatari (mleta uzi)

Nimelehemu rezista ya kilo-omu 10 jioni hii, mahali pale palipochapwa alama. Bodi ikiwaka geti linasoma volti 0.5 na kitu, valvu haikohoi, na rmmod haiifungui tena. Jumamosi napanda Lushoto nikaiweke na ile ya huko. Baba mdogo ameuliza kama tuta la kwanza litaacha kuoza.

#26 Bi_Saketi

Weka picha ya lehemu tuione kabla hujapanda gari.